Maji Yanapojaa

Katibu aliiogopa bahari, na yeye ndiye aliyeiandikia sheria. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Garsen huanza habari zake mwishoni, pale palipoharibika, wakatikisa vichwa kana kwamba wao walikuwa na akili zaidi. Hawakuwa nayo. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na kuna kipande cha habari hii ambacho sijapata kumwambia mtu ila yeye.

Kila alipokuja kwetu Kipini alivua viatu tangu penye nyumba za mwanzo, akakunja suruali mpaka magotini, halafu akasimama mbali na maji, pale ambapo hata povu halimfikii. Sasa kukunja suruali kulikuwa kwa nini, hatukujua. Mamangu, ambaye ulimi wake haujapata likizo, alimwita mgeni wa mchangani. Mwenyewe hucheka. Alisema mto anaujua, mto una upande wa pili, lakini kitu kisicho na upande wa pili hakitaki mazoea. Mkutano ukiisha alipanda bodaboda kabla ya adhuhuri ili alasiri imkute Garsen. Miaka yote ile sikumbuki kumwona Kipini jua likishapinda. Jambo hilo ni dogo, lakini lishike.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mpokomo wa upande wa Hewani, watu wa migomba na mipunga ya kandokando ya mto. Ilipoundwa kamati ya matumizi ya ardhi, wakulima, wafugaji na wavuvi wakakaa pamoja kupatana nani alime wapi, nani anyweshe wapi, na wapi pasiguswe na mtu, hawakuaminiana hata katika kugawana viti. Lakini katibu walimpata kwa siku moja. Walisema huyu ameshafundisha watoto wa kila upande na kila upande amewachapa sawasawa.

Mimi nilikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi, karibu na steji ya Garsen. Karatasi za kamati zote zilipita mikononi mwangu. Katibu alikuja na rasimu zimeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi kuukuu za mitihani, hivi kwamba ukigeuza sheria ya malisho unakuta hesabu za darasa la sita. Alikaa kwenye benchi, akaagiza chai ya rangi, akanisomea huku nachapa. Nikimwambia naweza kusoma mwenyewe, hasikii. Alisema neno lazima lipite sikioni kwanza, kwa sababu wengi wanaolihitaji watalisikia, hawatalisoma. Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: neno likiwa na milango miwili, mwizi atapita ule wa nyuma. Ulinichosha msemo ule. Leo ningelipa niusikie tena.

Kwa maneno ya watu alikuwa mwangalifu mno. Rasimu ya Kizungu ya wataalamu ilisema wafugaji waachiwe njia za kufikia maji. Wengine wangeandika "njia ya ng'ombe" wakaenda zao kula. Yeye alifunga safari hadi kwa mzee mmoja wa Kiorma, akakaa naye siku mbili, akarudi amekauka midomo lakini anatabasamu. Alinambia njia hiyo Waorma huiita malka, na malka si njia tu. Ni njia, na mahali pa kunywea, na haki ya anayekunywa, na zamu ya anayengoja. "Nikiandika njia, nimewaibia vitu vitatu," akasema. Tukaacha malka kama ilivyo, na mpaka leo imo kwenye karatasi. Alipenda kusema kuuliza si ujinga, na kweli aliuliza. Aliwauliza Waorma, aliwauliza Wasomali, aliwauliza Wagiriama waliohamia karibuni.

Kiswahili hakukiuliza. Kiswahili alikuwa amekifundisha maisha yake yote.

Siku moja alinisomea mahali alipoandika "maji ya bahari yanaporudi". Nikamwambia kwetu twasema maji yakipwa, kupwa. Nilisema kwa furaha, sikufichi, maana nilikuwa nimechapa kurasa na kurasa bila mtu kuniuliza kitu. Duka lilikuwa limejaa watu. Akacheka, akasema, "Hicho ni Kiswahili cha Kipini, mwanangu. Sisi tunataka cha watu wote. Mtu wa Bura akisoma kupwa atadhani amepewa kitu." Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, la kufanya sikuwa nalo. Lakini moyoni lilinikaa. Lugha nimeinyonya na maziwa ya mama, na huyu ameisoma ubaoni, tena yeye ndiye mwenye nayo! Nikachapa "yanaporudi".

Sitaki umwone kuwa mtu wa majivuno, kwa kuwa hakuwa. Kamati ilipokubaliana kwamba ukanda wa ukingo wa mto usilimwe tena, ubaki na miti yake ili ukingo usimeguke, wa kwanza kushika panga alikuwa yeye. Aliikata migomba yake mwenyewe iliyokuwa na mikungu, mkewe amesimama mlangoni. Mama yule alimnyima maneno mwezi mzima, akimtaka chumvi humwambia paka. Lakini dadake mkubwa, aliyekuwa haoni, Katibu alimwachia migomba mitatu ukingoni kabisa, na mtu wa kamati alipomuuliza, Katibu alijibu kuwa ile si shamba, ile ni fimbo yake ya kujulia alipofika. Walinuna kidogo, kisha wakaiacha.

Na ile habari ya hatua. Wataalamu walitaka mita. Katibu akakataa, akasema mita hukaa ofisini, miguu kila mtu anayo. Basi ikaandikwa hatua. Wakazuka watu kuuliza hatua za nani, maana yeye alikuwa mrefu, hatua yake moja ilikuwa mbili za mamangu. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe ikapimwa kamba ya hatua mia, ikafungwa mafundo, ikawekwa dukani kwangu ndani ya gunia. Ilikuwa ikinuka katani, na wateja walikuwa wakiikalia.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya lugha. Sheria ilikuwa na maandishi mawili, ya Kizungu na ya Kiswahili, na swali lilikuwa yakipingana yafuatwe yapi. Wakubwa walidhani jibu lajulikana. Katibu alisimama kwenye mkutano, hakupaza sauti. Alisema watu waliotia dole gumba wametia kwenye lile walilosomewa wakalielewa, na mtu hawezi kufungwa na neno ambalo hakulisikia. Alisema akawachosha, akakaa, akasimama tena siku ya pili. Wakakubali. Kiswahili ndicho kitakachohukumu. Aliporudi dukani alikuwa amechoka, kofia imeingia jasho, lakini sijapata kumwona mtu mzima mwenye furaha namna ile. Akanambia tumalizie sehemu ya pwani siku ileile.

Sehemu ya pwani ilikuwa fupi. Ilisema mtu asijenge, asichimbe mchanga wala asikate mikoko ndani ya hatua mia kutoka maji yanapojaa.

Sasa nisikilize. Kwao juu, maji hujaa kwa msimu. Mvua za milimani zikishuka, mto hutoka mkondoni mwake ukaingia mashambani, watu wakahamisha kuku na watoto. Mtu wa kule akisema maji yamejaa, amesema habari kubwa, amesema mpaka wa mwisho kabisa. Kwetu Kipini maji hujaa kila siku ya Mungu mara mbili. Yakijaa, mtu hata hainui kichwa. Yale makubwa, ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanayopanda hadi chini ya vilima vya mchanga na kurusha povu kwenye majani, yana jina lake. Twayaita bamvua. Na kuna siku za katikati, maji mafu, ambapo bahari hujaa kivivu ikaishia huko chini. Bamvua kwetu hujaa alasiri. Katibu alikuwa hajapata kuliona hata mara moja, kwa kuwa alasiri alikuwa Garsen.

Nililiona lile neno. Vidole vilisimama. Nilijua pale pale kwamba kwa mtu wa Kipini sheria hii imeshuka kutoka kilimani mpaka kwenye tope. Nikamtazama. Amefumba macho benchini, kikombe mkononi. Kwa miaka nimejiambia mwenyewe kwamba nilinyamaza kwa adabu, mtoto hamsahihishi mzee siku ya ushindi wake. Nikaendelea kuchapa.

Kilima kile cha mchanga kilikuwa kati ya mtaa wetu na bahari. Mgeni angekiona kitu cha bure, mchanga na nyasi kavu. Lakini kilima hunywa mvua na kuihifadhi, na kisima cha mamangu kilikuwa chini yake, maji matamu, na bahari ng'ambo tu ya kilima. Bibi yangu alitukataza kukichezea. Alisema ukikitoboa kilima umetoboa mtungi. Mamangu amezaliwa, ameolewa, amezaa na amezika watu kwa maji ya kisima hicho.

Akaja mtu na mradi wa hoteli, na wakili wake. Wakili alikuwa kijana mstaarabu, salamu zake nzuri. Alikuja dukani kuomba kamba. Katibu alifurahi mno, akasema umeona, sheria inafuatwa, mtu mwenye uwezo wake amekuja kuiuliza kamba. Tukaenda Kipini pamoja, mimi nimebeba karatasi. Wakili alikuwa ameichagua siku, na aliichagua vizuri. Ilikuwa siku ya maji mafu, saa tano asubuhi, maji yamejaa yote yanayoweza kujaa siku ile.

Wakili akawauliza wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, "Wazee wangu, maji sasa yamejaa au bado?" Wakajibu yamejaa. Wangesema nini? Yalikuwa yamejaa. Watu wa kweli hujibu walichoulizwa.

Katibu mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya kamba. Kwa mara ya kwanza alisogea mpaka majini, maji yakampiga vifundoni, akastahimili. Kamba ikavutwa kwenda juu, fundo kwa fundo, ikaishia mguuni mwa kilima. Kilima kizima kikabaki nje ya sheria. Akasema tupime tena. Tukapima mara tatu. Ndipo mvuvi mmoja, mtu mzima, akaacha wavu wake, akasema, "Na bamvua je?"

Wakili akamwonyesha karatasi kwa upole, akasema bamvua halimo.

Katibu akageuka kututazama sote, kamba ingali mkononi. Akauliza, "Bamvua ni nini?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Watu walitazama chini, na mamangu, yule yule wa mgeni wa mchangani, ndiye aliyemwendea akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu msiba. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na karatasi niliyoichapa kwa mikono yangu, na sikufungua kinywa.

Alikwenda Hola, kwenye ofisi za kaunti, sijui mara ngapi. Alibeba rasimu ya Kizungu, ambayo ilisema sawasawa kabisa, maji ya juu kuliko yote. Ofisini wakamsikiliza vizuri, kisha wakamkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka Kiswahili kihukumu. Tingatinga likaja. Kilima kilichokuwepo kabla ya babu zetu kiliondoka kwa malori, na hoteli yenyewe haikufika hata madirisha. Mwenye mradi alipata mambo mengine akaenda zake.

Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, bamvua likaingia palipokuwa na kilima, likaketi uani kwa mamangu, likarudi kesho yake. Kisima kiligeuka chumvi. Tulikisafisha, tukakingoja, tukakiombea dua, lakini kilikuwa kimekwisha. Minazi ya mwanzo ilikauka kuanzia juu. Mamangu nikamleta Garsen, kwenye chumba cha nyuma ya duka, na majirani wengine wakatawanyika kila mmoja na kwao.

Kabla hatujaondoka Katibu aliitisha baraza pale pale Kipini. Alisimama mbele ya watu ambao nyumba zao zilikuwa na mchanga mlangoni, akavua kofia. Alisema, "Kosa si la wakili wala la wavuvi. Neno ni langu. Niliwauliza watu wote maneno yao, ninyi sikuwauliza." Wanawake walilia. Mamangu alilia. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nimeuma mdomo, na nikamwachia mzee wa watu mzigo wote akaondoka nao kwenye bodaboda. Baada ya hapo hakuja dukani tena. Alijiuzulu kwa barua aliyoiandika kwa mkono, hakuleta ichapwe.

Mwaka huu nilisikia ni mgonjwa, nikaenda. Nilivuka mto kwa mtumbwi, nimebeba sukari na majani ya chai, nikamkuta amekaa mkekani uani, miguu imevimba, daftari la shule mapajani. Ile migomba mitatu ya dadake ilikuwa bado imesimama, ingawa dada mwenyewe ameshatangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Nikamweleza ukweli. Kwamba kila asubuhi huionja chai, huiweka chini, husema maji haya si maji. Kwamba huuliza kama kisima kimerudi, nami husema bado, kana kwamba kimesafiri. Aliinamisha kichwa. Kisha akanambia Hola wanaiandika upya sheria ya pwani, vijana wazuri, wenye elimu, na safari hii wataitia bamvua, hilo halina wasiwasi. "Lakini wamesema Kizungu ndicho kitakachohukumu. Wanasema Kiswahili kiliwaponza watu." Alilisema bila hasira, akitazama mtoni, na nikaona kwamba hilo ndilo linalommaliza, si miguu.

Nikashindwa kujizuia. Nilikuwa nimekuja kumjulia hali tu, wallahi, lakini nikajisikia nasema.

"Katibu, siku ile niliyochapa, nililiona lile neno."

"Najua. Nilisikia vidole vimesimama."

Akaendelea kusema kwamba alikuwa amefumba macho lakini hakulala. Alisikia kimya, akadhani ninamwonea haya, akataka kuniuliza kuna nini, kisha akajiambia kama lipo jambo litasemwa. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha, na hakutaka kosa siku ile. "Mimi niliyekuwa nawaambia watu kuuliza si ujinga," akasema. "Nikajua ni heshima yako, nikaipokea."

Angeniacha nitoke na hilo la heshima. Lilikuwa limekunjwa vizuri, zawadi kabisa. Miaka nilikuwa nimelivaa mwenyewe.

"Haikuwa heshima, baba. Ilikuwa kinyongo. Ulinicheka mbele za watu, nami nikasema moyoni haya, basi, Kiswahili na kiwe cha watu wote."

Mkewe alikuja akachukua sukari, akatutazama, akaondoka. Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuyafuta, maana niyafute ya nini. Katibu akapapasa mkekani mpaka akapata penseli, akalifungua daftari ukurasa mpya.

"Litaje tena. Lile la maji makubwa."

"Bamvua."

"Kwa m au kwa n?"

"Kwa m."

Akaliandika. Herufi zilipanda juu ya mstari. Alipomaliza hakuinua macho.

"Na lile jingine?"

"Lipi?"

"Lile nililolicheka."

Nikamtajia. Kupwa. Akaliandika chini ya lile la kwanza, polepole, kisha akanipa daftari na penseli nimsahihishie.